Daktari, Kiraka Kitashika?

Ukimwambia kijana wa machimbo ya Masara kwamba sikio lake halitapasuliwa mpaka likauke, ujue umempa kazi, na kazi hiyo ataifanya kwa njia zake mwenyewe. Mmoja alinijia pale Migori, mchimba dhahabu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoka usaha tangu akiwa shule ya msingi. Mara ya kwanza nilimrudisha nyumbani, nikamwambia asiingize maji na arudi likiwa kavu. Akarudi siku ileile mpasuaji alipokuwa akichagua wagonjwa. Nilipochungulia nikakuta kumekauka kama barabara ya Januari.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Daktari, nimefuata maneno yako. Nimeenda saluni pale Masara asubuhi hii, huyo dada akanipiga draya kwa sikio. Imeshika moto lakini imekauka."

Nilimwambia abane pua, afunge mdomo na asukume hewa. Alipofanya hivyo, povu la usaha likachungulia kwenye tundu la ngoma ya sikio. Yeye mwenyewe aliisikia ile hewa ikipita, akajua mambo yameharibika. Tulicheka sote wawili mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Lakini sikumpitisha. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii, mtu akiwaletea ujanja kama huo msimfokee. Amengoja muda mrefu na anaogopa kuachwa tena. Mwonyesheni povu lake, mmfundishe tena kusokota utambi wa pamba na kulikausha sikio polepole, kisha mmpangie siku nyingine. Yule kijana alirudi baadaye, kavu kwa haki, na akapasuliwa.

Mimi sasa nimestaafu. Nafuga mbuzi karibu na Rodi Kopany, na raha ya mbuzi ni kwamba haji na kipande cha njiti ya kiberiti kimemvunjikia sikioni akakuambia ni mdudu. Nilikuwa afisa wa kliniki wa masikio, pua na koo, kwanza Migori, kisha Homa Bay mpaka nikamaliza. Sikuwa mpasuaji. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza, kusafisha, kuwatayarisha wagonjwa, na kuwatunza mpasuaji akishaondoka. Yeye alikuwa akija kwa vipindi, na tulimwita Daktari Mgeni. Jina hilo lilimganda hata alipokuwa amezoeana nasi kiasi cha kuchambua miiba ya samaki wa ngege kwa ulimi bila kutazama sahani.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha ukieleweshwa. Ngoma ya sikio ikitoboka, na usaha ukatoka mwaka nenda mwaka rudi, mpasuaji hukata utando mwembamba kutoka juu ya sikio, chini ya nywele, akautia kama kiraka kwenye lile tundu. Kiraka kikishika, usaha unakoma na usikivu unarudi, wote au nusu. Kisiposhika, kinayeyuka, na mgonjwa anarudi alikotoka akiwa na kovu juu yake. Kwa kuwa nafasi za thieta zilikuwa chache na wagonjwa wengi, swali letu la kila siku lilikuwa ni kiraka cha nani kitashika.

Aliyenifundisha kulijibu ni Mzee Marwa, Mkuria, mkubwa wangu pale Migori. Alikuwa mtu wa hasira za karibu na huruma za karibu zaidi. Mwanzoni nilikuwa nikikimbilia kupima ukubwa wa tundu, nikidhani dogo ni rahisi na kubwa ni gumu, basi yamekwisha. Siku moja akaniondoa kwenye kiti.

"Wewe dada, sikio lile lingine umeliangalia?"

"Hilo halina shida, Mzee. Yeye analalamikia la kulia."

"Angalia tu. Hayo masikio mawili yote yanapumua kwa pua moja. Kama ngoma ya lile lingine nayo imevutwa ndani, shida haiko kwa ngoma. Iko kwa pua. Na utaweka viraka mpaka uchoke."

Alisema kweli. Kuna bomba dogo linalotoka nyuma ya pua na kuingiza hewa sikioni, na bomba hilo likivimba au kuziba, kiraka kinakosa hewa nyuma yake. Kwa hiyo tazameni sikio la pili, ulizeni mafua, ulizeni kama mtu anakoroma. Tazameni pia kama kuna ngozi nyeupe inayoota mahali isipotakiwa, maana hiyo hula mifupa, na huyo mgonjwa hasubiri foleni ya viraka. Mzee Marwa alichukia sana watu wakisema mbele yake kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa akisema aliyetunga methali hiyo hakuwahi kusubiri usaha ukauke. Na wazee wa kwao, wale ambao bado walikuwa na ncha za chini za masikio zilizovutwa zikaning'inia, walimtania kwamba akikosa kitambaa cha viraka aje akate kwao, kipo cha kutosha. Kumbe hawakuwa mbali na ukweli. Kwa tundu dogo kabisa, mafuta kidogo ya ncha ya chini ya sikio hufanya kazi safi.

Kupima usikivu nako kulikuwa na vituko vyake. Siku hizi mna mashine ya kuvaa masikioni, na hata ile kamera inayoingia sikioni picha ikatokea kwenye simu. Sisi tulikuwa na kile chuma cha miguu miwili kinacholia ukikigonga, na mdomo. Unasimama nyuma ya mgonjwa, unaziba sikio moja kwa kidole huku ukikisugua lisisikie, unamnong'oneza neno kwenye sikio la pili, naye analirudia. Maneno yangu yalikuwa ya sokoni: omena, chumvi, mkaa. Nilikuja kugundua kwamba wagonjwa wanapona ghafla. Mama mmoja alisema "mkaa" kabla sijafungua mdomo. Waliotoka walikuwa wanawafundisha waliokaa kwenye benchi nje, na mlango ukiwa wazi benchi zima lilisaidia kwa sauti, wakiamini huu ni mtihani na anayefeli ananyimwa dawa. Tangu hapo nikawa nabadilisha maneno kila wiki na kufunga mlango.

Sasa niwaambie habari ya Min Achieng', maana ndiye aliyenifundisha zaidi ya chuo.

Nilimpata Homa Bay. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mbita, mwenye kitambaa kilichofungwa kichwani mpaka kikafunika masikio hata jua likiwa kali. Jina lake la kanisani alilitaja mara moja tu, nasi tukamwita kama kwao wanavyomwita, Min Achieng', mama yake Achieng'. Achieng' mwenyewe, binti yake wa kwanza, ndiye aliyemleta na kumsemea. Masikio yote mawili yalikuwa na matundu. La kushoto lilikuwa kavu na lilisikia kiasi. La kulia lilikuwa likitoka usaha wenye harufu, na lilikuwa karibu halisikii kitu. Mpasuaji huanza na lile baya, hagusi kwanza lile ambalo mtu analitegemea.

Harufu ndiyo iliyokuwa imemmaliza. Kanisani benchi lake lilibaki na pengo. Sokoni wateja walisimama upande wa upepo. Watu walikuwa wamezoea kumpigia kelele, hata kumsalimia, na mtu akipigiwa kelele kila siku huanza kuona kama anagombezwa. Alikuwa akikugeuzia lile sikio la kushoto na kukutazama mdomo kwa wasiwasi, kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa.

"Mama anataka asikie kabla ya ayie yangu," Achieng' akaniambia. "Watu wa kwa kina Ochieng', anayetaka kunioa, watakuja."

Wale wa huku mnajua. Kwa wengine, niseme tu kwamba ayie ni siku ambayo upande wa kijana unakuja kumwomba mama mzazi wa msichana akubali, na neno lenyewe maana yake ni nimekubali. Anaulizwa yeye, kwa heshima, na anajibu yeye. Min Achieng' alikuwa amemlea huyu binti peke yake baada ya mumewe kufariki. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba siku hiyo ataulizwa mbele ya wageni, hatasikia, na shangazi mmoja ataruka kumfokea sikioni, wakwe wacheke.

Mara ya kwanza kila kitu kilitupa matumaini. Sikio lilikauka vizuri, tundu lilikuwa katikati, vifupa vya ndani vilikuwa vizima, hajawahi kupasuliwa. Daktari Mgeni alikuwa na utaratibu wake wa kumpa mgonjwa alama kwa kila jambo, na mojawapo ilikuwa sigara. Alipomuuliza kama anavuta, Min Achieng' alikasirika kwelikweli.

"Mimi ni mama wa kanisa! Huyu ananionaje?"

Tukacheka, tukaandika havuti. Mama aliponiuliza kama kiraka kitashika nilimwambia kitashika vizuri. Akapasuliwa. Wiki zikapita, na kiraka kikayeyuka. Tundu likarudi, na usaha ukarudi nyuma yake.

Tulikaa na Daktari Mgeni tukikuna vichwa. Hakuingiza maji, hakupata mafua, dawa alitumia. Achieng', aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyetutoa gizani bila kujua.

"Labda ni ule moshi," akasema.

"Moshi gani? Si havuti?" nikauliza.

"Sigara hajawahi kushika. Lakini si yeye hukausha mbuta? Anashinda hapo kwa moshi kutoka asubuhi. Hata Biblia yake inanuka samaki."

Daktari Mgeni aliweka kalamu chini. "Nimeuliza sigara," akasema. "Sikuuliza moshi." Siku hiyohiyo akabadilisha swali lake, na nasikia anauliza hivyo mpaka leo kila anakokwenda.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbita kumwona kazini. Kando ya maji, wanawake walikuwa wamepanga majiko ya udongo, juu yake waya, juu ya waya vipande vya mbuta vikigeuka rangi ya dhahabu. Min Achieng' alikuwa katikati yao, malkia kabisa, akigeuza samaki kwa vidole bila kuungua. Nilisimama karibu naye tukizungumza kwa ishara na kelele. Hatukumaliza habari ya afya ya watoto kabla pua yangu haijaziba na machozi kunitoka. Yeye alikuwa amevuta hewa hiyo tangu alipoolewa. Niliona huruma, na niliona aibu kidogo kwa ajili ya maswali yetu ya mjini.

Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Sikio lililokwisha kupasuliwa likashindwa huwa na nafasi ndogo kuliko lile jipya, na Daktari Mgeni alikuwa na wagonjwa ambao alama zao zilikuwa nzuri zaidi. Hakumfukuza. Alisema kama mama huyu atakaa nje ya moshi miezi kadhaa kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baada yake, yeye atajaribu tena. Akaniachia mimi kumweleza. Nilifunga mlango nikaketi upande wake wa kushoto.

"Daktari, kiraka kitashika?"

"Sijui, Min Achieng'. Nafasi ipo. Lakini si kubwa kama ya kwanza. Ukirudi kwa moshi, hakuna."

Akanitazama mdomo muda mrefu kuhakikisha amesikia sawa. "Ile siku ulisema itashika vizuri."

"Nilisema."

"Sasa unasema hujui." Akafunga kitambaa chake upya. "Basi leo nakuamini."

Yashikeni hayo, wanangu. Alama za mpasuaji zinakusaidia kupanga, kujua uanze na nani, umwonye nani, uondoe kikwazo gani kabla ya kisu. Hazikusaidii kumwahidi mtu. Na mgonjwa mwenye alama mbaya hajafungiwa mlango. Muulizeni kwanza nini kinachomshusha, maana mara nyingine ni jiko tu.

Jiko hilo lilimgharimu. Mwanamke anayejua kukausha mbuta kwa moto ana heshima yake pale ufukweni, na omena, dagaa wetu, ni kazi ya kila mtu, unaitandaza juani kwenye nyavu kuukuu, unakaa kufukuza ndege. Min Achieng' akahamia kwenye omena. Wenzake walichukua jiko lake wakalilinda, lakini ulimi hawakuulinda.

"Haiya! Min Achieng' siku hizi anachunga ndege!"

"Acheni nichunge," akawajibu. "Nyinyi mtanuka moshi mpaka mbinguni."

Nyumbani Achieng' ndiye aliyepika. Sikio likakauka, likabaki limekauka. Akapasuliwa tena, na nikamkalisha chini kumpa masharti: usipenge kamasi, ukipiga chafya fungua mdomo, usiinue ndoo, usitie maji. Akaja kwa ukaguzi wa kwanza. Nilipotoa pamba nikaona kiraka kina rangi ya uhai, lakini ilikuwa mapema mno kujua au kupima kitu. Nikampa siku ya kurudi.

Hakurudi. Shemeji yake alikuwa amefariki, na mnajua msiba wa huku. Mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo huo kama yeye anatarajiwa kuingia bomani akilia kwa sauti inayosikika mpaka kwa jirani wa tatu. Kulia namna hiyo, na kupenga kamasi kunakofuata, ni kama kukipiga kiraka kibichi teke kutoka ndani. Niliposikia habari za msiba nilikosa raha. Nikampigia Achieng'.

"Mama yuko sawa," akasema.

"Alilia?"

"Aliingia amenyamaza tu, mdomo wazi. Watu wamesema sana. Ati hana uchungu. Lakini usiku mimi sijui, nilikuwa jikoni. Yuko sawa, daktari. Karibu ayie."

Achieng' alikuwa akisema "yuko sawa" hata mama yake akiwa amelazwa. Nikaenda ayie nikiwa sijui lolote.

Walituketisha ndani ya nyumba, wageni ukuta mmoja, sisi ukuta mwingine. Min Achieng' alikuwa amesukwa nywele vizuri, na kitambaa hakuwa nacho. Masikio yake yalikuwa nje, na hereni ndogo amezivaa. Nilitafuta dalili yoyote usoni mwake nikakosa. Mshenga wao, jagam kama anavyoitwa huku, alikuwa mzee mpole wa kuzungumza chini, mtu aliyeamini kwamba heshima haina kelele. Nikamlaani moyoni. Kwa nini hawakuleta mhubiri?

Salamu zikapita, maombi yakapita. Mzee akamwelekea Min Achieng', akainamisha kichwa kidogo, na kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyelala akasema wametembea kutoka mbali, wameona mti mzuri katika boma hili, na wanamwomba mama mwenye boma kama atakubali.

Min Achieng' alikuwa anatazama mbele. Nilimwona Achieng' mlangoni ameshika sinia, macho yote kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyetoboa sikio hilo. Mzee akakohoa, akarudia maneno yale yale, polepole, hata chini zaidi kuliko mwanzo.

Shangazi aliyekuwa karibu akajivuta kwenye kiti na kuvuta pumzi, tayari kupiga ile kelele. Min Achieng' akainua mkono bila kumtazama, na shangazi akarudi nyuma. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu nilipoingia. Mzee alikuwa upande wake wa kulia, na mama hakuwa amemgeuzia lile sikio la kushoto.

Mzee akauliza mara ya tatu.

"Ayie," akasema Min Achieng', kwa sauti ndogo kama ya mzee mwenyewe.

Vigelegele vikavunja nyumba. Sinia ya Achieng' ilianguka. Mimi nililia, na sioni haya kulisema.

Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba akiwapangia wapishi kazi, amesimama mbali na moto kama askari aliyewekwa hapo. Nikamwendea kwa nyuma. Nikaziba sikio lake la kushoto kwa kidole, nikakisugua kama tulivyofanya kliniki, na karibu na la kulia nikanong'ona: "Omena."

"Usinitajie hiyo kitu leo," akasema bila kugeuka.

Tulicheka mpaka akashika magoti. Kisha nikamuuliza kwa nini alitutesa vile, au ni kwamba mzee alizungumza chini mno.

"Nilisikia, daktari. Hata ile ya kwanza nilisikia yote." Akafuta macho kwa upande wa leso. "Lakini maisha yangu yote watu wananipigia kelele. Leo mtu ameniuliza polepole. Nikataka aniulize tena."